Mkaa wa Siku Thelathini

Binti yangu mpenzi,

Kuna jambo la kazi nimekuficha kwa karibu miaka ishirini, na nimeshika kalamu ili nisizikwe nalo. Lakini salamu hairukwi, hata na mgonjwa. Hujambo wewe, mume wako na wajukuu zangu? Yule mdogo ameshaota jino? Mimi namshukuru Mungu. Miguu imevimba na moyo unachechemea, ila akili bado ipo nyumbani. Wifi yako ananilea kama yai. Jana nilimlalamikia kwamba supu haina chumvi, akanijibu kuwa chumvi ya kunitosha nimeshaila, sasa niwaachie wengine. Nilicheka mpaka nikakohoa.

Rasimu ya mwongozo wako imefika. Macho yangu hayawezi tena herufi ndogo, kwa hiyo wifi yako amenisomea kibarazani kwa siku mbili. Pale unapoeleza kwa nini majitaka ya hospitali yasimwagwe mtoni yakiwa na mabaki ya dawa za antibiotiki, umeandika vizuri kuliko mimi nilivyowahi kuandika. Umesema vijidudu vikionjeshwa dawa kidogo kidogo huko mitaroni huizoea, na mgonjwa akija kupewa dozi kamili, havishtuki. Wifi yako akasema basi ni kama mtoto anayefinywa kila siku, mwisho hata fimbo haimtishi. Ukitaka mfano huo, uchukue. Yeye hana habari kwamba ametoa mfano.

Tukafika ukurasa wa kumi na moja. Hapo umeagiza hospitali zote zibadilishe mkaa wa chujio kila baada ya siku thelathini, kwa kuwa ndivyo baba yako alivyothibitisha. Nilimwomba wifi yako apumzike kidogo. Aliyehitaji kupumzika ni mimi.

Unalikumbuka lile chujio: mapipa matatu nyuma ya chumba cha kufulia cha hospitali yetu, la kwanza kokoto, la pili mchanga, la tatu mkaa wa vifuu vya nazi uliopondwa. Kazini waliniita Bwana Majitaka, na mama yako, Mungu amrehemu, alikuwa akiwaambia wageni kwamba aliolewa na mwanakemia akajikuta na fundi wa vyoo. Hata hivyo chujio lilifanya kazi. Hilo si uongo, na ninalifurahia mpaka leo. Mkaa mpya hunasa ile dawa karibu yote.

Ulipokuwa mwaka wa mwisho chuoni ulikuja kulipima mwezi mzima, sampuli ukizipeleka kwenye mashine ya chuo. Siku moja uliingia ofisini kwangu bila kubisha, viatu vimejaa tope, ukaniambia kwamba kuanzia siku ya kumi na moja mkaa unakuwa umeshiba na dawa inapita kama hakuna kitu. Nilikuambia chupa zako za sampuli hazikuoshwa vizuri. Ukaziosha, ukaanza upya, ukatoka na jibu lile lile. Nikakuambia haraka haraka haina baraka, rudia tena. Methali nzuri ile, nami niliitumia kama kufuli.

Mama yako alinieleza kwamba ulilia jikoni, ukisema pengine kazi hii si yako, maana hata kuosha chupa kumekushinda. Nilimsikia, nikaendelea kula. Wiki iliyofuata ulitupa karatasi zako za vipimo kwenye kapu la taka na kuchagua mada nyingine. Nilizitoa humo ukiwa umeshaondoka. Nimezitia ndani ya bahasha hii, zote kumi na nne, mwandiko wako ukiwa bado wa kitoto kidogo. Uzitumie. Umesema mchapaji anaanza kazi Jumatatu; barua hii inaletwa na kaka yako mwenyewe, ikufikie kabla.

Usinifiche utakapourekebisha ukurasa huo wa kumi na moja, mwanangu. Andika kwamba baba alikosea, weka na jina. Nimefika umri ambao aibu haina pa kunishika. Tena tangu nilipoamua kukuandikia, chakula kinapita, na wifi yako ananishuku kwamba ninajitilia chumvi kwa siri.

Nisalimie mumeo, wabusu watoto, na usije mbio ukidhani nakufa kesho. Njoo taratibu, ukimaliza na mchapaji.

Sasa nimalize lililonileta. Mashine ya kupimia dawa ndani ya maji tuliazimwa na chuo kwa wiki moja. Siku ya nane walikuja kuichukua, na mkurugenzi alikuwa anadai ripoti yenye tarehe ya kubadilisha mkaa. Nilikwenda stoo kuuliza mkaa hupatikana lini. Mtunza stoo akaniambia mkaa si chai, niache kumgongea mlango kila mara. Gunia ni moja, mwisho wa mwezi, basi. Nikarudi ofisini, nikaandika thelathini.

Chupa zako zilikuwa safi. Mimi nilipima siku saba tu.

Baba yako