Selfi ya Asma

Shoga, Asma katuua leo. Wallahi katuua.

Tuko Mgogoni tunamsinga bibi harusi, liwa mwili mzima, ngoma inalia. Unajua desturi, simu zote kapuni mlangoni, wanawake tuvue mabuibui tujiachie. Asma yake kaificha kwenye kanga! Kajipaka liwa, kabinua mdomo, kajipiga selfi, kaitupia status.

Nyuma yake nani? MWANAMIZE. Kichwa wazi, anakata kiuno.

Na Mmanga mumewe si alikula yamini mbele yetu? "Siku ukikanyaga ngomani, ushaachika." Leo Mwanamize kamuaga anakwenda Fundo kumtazama mamake.

Asma anaapa kawafungia wanaume wote wasione status. Wote! Kamsahau Mmanga. Katika wanaume wote wa Pemba, shoga, kamsahau Mmanga!

Kuja kutazama simu, Mmanga keshajibu: "Mashaallah. Huyo nyuma yako nani?"

Kafuta mbio. Ikaingia nyingine: "Unafuta nini? Mie nshaihifadhi."

NSHAIHIFADHI.

Nikamwambia amwite Mwanamize pembeni amweleze. Wapi! Kasimama mlangoni, kalikodolea kapu macho. Mimi nimeitoa simu yangu nikuandikie. Ya Mwanamize iko chini ya zote, inalia, inakatika, inalia tena.

Mwenyewe yumo ndani anacheza na kucheka, wala hajui kama hapo alipo bado ni mke wa mtu.