Redio ya Baba Niliyoichinja

Baba,

Shikamoo. Naitanguliza mapema, maana ukishaitikia marahaba kabla ya kusikia nilichofanya, itakuwa vigumu kuirudisha. Mgongo unaendeleaje na baridi ya huko kijijini Nambis? Maharage yametoa maua? Mimi hapa Dar es Salaam ni mzima, ila natoka jasho hata nikiwa nimekaa.

Lile gunia la simu na redio mbovu ulizokusanya kwa majirani lilifika salama na basi. Kazini walifurahi. Nilishakueleza kwamba hapa tunatoa shaba na alumini bila kuchoma kitu. Tunavaa glavu na barakoa, tunafungua skrubu moja moja, nyaya tunazimenya kwa mashine, na vibao vya ndani vyenye chembe za dhahabu vinapelekwa kwenye kiwanda chenye tanuri linalonasa moshi. Mdogo wangu Daudi mwambie aache kuchoma nyaya pale juu ya kisima, maana majivu yale ndiyo mnayokunywa. Azikusanye anitumie, shaba itatoka ile ile.

Siku ile nilichapa kazi kuliko wote. Redio kubwa ya mwisho niliimaliza haraka mpaka msimamizi wetu, dada Rehema, akawaambia wenzangu waje wajifunze kwangu. Jioni ukapiga simu, ukaniuliza, "Ile yangu imeshaanza kuongea?"

Baba, simu ile haikukatwa na mtandao; niliikata mimi, maana ile redio kubwa ya mwisho ndiyo ilikuwa yako.

Ungeweka hata kikaratasi cha kusema itengenezwe. Kwako wewe, mtu anayefungua redio ni fundi wa redio. Nilimkimbilia dada Rehema, nikamwuliza kama inaweza kurudishwa. Akatazama makreti, akasema, "Paskali, hapa hatufufui. Hapa tunachinja kwa utaratibu." Redio iliyokuamsha tangu sijazaliwa, mwanao ndiye aliyeitoa utumbo. Roho iliniuma, sikula siku ile.

Kesho yake nikatafuta ganda lake kwenye rundo la plastiki. Pale pa betri, springi ilipolegea, palikuwa pamekazwa kitu. Nikakivuta kwa koleo. Ulikuwa ufunguo mdogo wa kufuli, wenye uzi mwekundu.

Unaujua. Ni ule wa sanduku la bati la Mama, uliopotea wiki ya Krismasi nikiwa darasa la nne. Kufuli likavunjwa kwa shoka, kifuniko kikapinda mpaka leo. Ikasemekana mimi ndiye niliyeuchezea, nawe ukanichapa kwa fimbo ya ng'ombe. Nakumbuka redio ilikuwa inaongea nyuma yako, na siku ile ilikuwa na sauti safi kuliko siku zote.

Sasa tusameheane. Dada Rehema ameniruhusu kuunganisha redio moja kutoka kwenye mizoga mitatu, na inakuja pamoja na barua hii. Konda ataiacha stendi ya Mbulu. Haihitaji ufunguo.

Msalimie shangazi wa Dirma pamoja na ng'ombe wake, dada anayepika kule hospitalini Haydom, na mwalimu wetu wa kwaya. Daudi mkumbushe kisima.

Ufunguo nimeubandika hapa chini. Na kwa kuwa macho yako hayaoni tena maandishi, najua ni nani amekuwa akikusomea haya yote kwa sauti tangu mwanzo.

Mama, shikamoo. Nilikuambia si mimi.

Mwanenu,
Paskali