Mshale wa Mwajuma

Alhamisi, 8 Mei
Kipindi cha mabango tena. Shuka langu jeupe ukutani, projekta juu ya rundo la madaftari, simu dirishani upande wa mashamba, ndiko mtandao unakoshika. Kidato cha Pili wanatengeneza bango la kuhifadhi mpunga. Dakika ya kumi mshale wa zambarau ukatokea kwenye ukurasa, na jina pembeni: Mwajuma. Darasa zima kelele. Zawadi akawahi kibodi, akaandika, "Shikamoo mwalimu." Mshale ukajibu, "Marahaba. Maneno yapangeni kushoto, msiyarundike katikati."

Miezi mitatu tangu ahamie Mikumi. Ndiye aliyetufundisha programu hii ya mtandaoni, ambamo kila aliye ndani huonekana kwa mshale wake hata akiwa mbali, mimi na watoto. Kwangu hakuandika neno.

Ijumaa, 9 Mei
Nimepika wali wa watu wawili. Tena. Chumba chake upande wa pili wa nyumba ya walimu bado kina kufuli. Uliobaki nimewapa kuku wa jirani.

Kilichoniuma si kuhama. Mume yuko Mikumi, lazima aende. Kilichoniuma ni kusikia habari ya uhamisho kikaoni, pamoja na watu wote. Miaka minne nilimwamkia kila asubuhi kama dada yangu wa tumbo moja. Alipofika huko alinipigia mara mbili. Sikupokea. Hakupiga tena.

Alhamisi, 15 Mei
Nimeaibika. Bango lilihitaji picha ya mpunga, nikaitafuta mwenyewe, nikaweka. Kumbe ngano. Mimi mtu wa Singida, nimekulia kwenye uwele. Watoto wa hapa Tindiga wanaujua mpunga kabla hawajajua kutembea. Hawajamaliza kucheka, mshale ukaja, ukafuta ngano yangu, ukaweka mpunga. Makofi. "Mwalimu Mwajuma oyee!" Mwalimu aliyesimama mbele yao hakuna aliyemwona.

Walipotoka nikafungua orodha ya wenye ruhusa ya kuingia kwenye bango, nikalifuta jina lake. Kubonyeza mara moja tu. Wivu mtupu. Nauandika hapa kwa kuwa sina mwingine wa kumwambia.

Jumamosi, 17 Mei
Kilosa, kuchapisha bango. Mama wa stesheneri akauliza, "Mwalimu, nitoe kurasa zote saba?" Nikamwambia bango ni ukurasa mmoja. Akanigeuzia kompyuta. Kurasa tano za katikati tupu, watoto walizifungua wakaziacha. Wa saba una maandishi madogo, yamepangwa kushoto:

"Kassimu, simu hupokei. Miaka minne uliniamkia kila asubuhi, siku hizi naamkiwa na watoto tu. Nilishindwa kukuambia uso kwa uso kwamba naondoka. Nisamehe. Upo?"

Ameyaandika Machi, tarehe iko pembeni; faili tunatumia lile lile tangu Januari. Wiki zote hizi nilikuwa nafungua ukurasa wa kwanza na kununa. Nimesimama pale mpaka yule mama akaniuliza kama naumwa.

Nimemrudisha kwenye orodha palepale. Mwaliko umekwenda. Nimepiga simu, inaita tu.

Jumanne, 20 Mei
Mwaliko haujafunguliwa. Majuto ni mjukuu, na wangu amehamia kwangu kabisa.

Alhamisi, 22 Mei
Zawadi ameandika shikamoo yake. Tukasubiri, macho yote kwenye shuka. Hakuna kitu. Akaniuliza, "Mwalimu, amekasirika?" Nikasema mtandao wa Mikumi unasumbua. Nimewadanganya watoto wa watu. Kipindi kilichobaki wamefanya kazi kimya, na mabango yao yamekuwa mabaya.

Walipoondoka nilibaki. Nikafungua ukurasa wa saba. Chini ya maneno yake nikaandika, "Shikamoo dada. Nipo. Nimekosa." Nikaondoka nimeyaacha hivyo hivyo, katikati ya ukurasa.

Ijumaa, 23 Mei
Saa nne, wenzangu wamekwenda kunywa chai. Nimefungua kompyuta dirishani. Mshale wa zambarau ulikuwa umesimama juu ya shikamoo yangu. Muda mrefu. Sikugusa kitu.

Kisha ukayashika maneno yangu, ukayavuta kushoto taratibu, yakakaa sawa na yake. Ukaondoka.

Hajaandika marahaba. Kengele ikalia, nikafunga kompyuta, nikaenda Kidato cha Kwanza.