Umezikwa Bila Mtani

Mallam Garba,

Nakuandikia nikiwa na hasira. Nakuambia mapema ili usidhani nakulilia tu. Kulia nimelia. Zimebaki hasira, na sina wa kumpa isipokuwa wewe, maana wengine nikifungua mdomo wananikatiza: "Mama Fausta, muache marehemu apumzike." Atapumzikaje mtu aliyezikwa bila mtani?

Jiko lako la nyama bado lipo pale standi ya Ruangwa, ubavuni mwa meza yangu ya chai. Wateja wanakuja, wanasimama, wanaangalia mkaa uliopoa, wanauliza, "Yule Mkongo yuko wapi?" Miaka yote uliyokaa hapa, mpaka homa inakuchukua, Mkongo! Nimechoka kusahihisha. Nasema si Mkongo, ni Mhausa, wa Kano, kaskazini ya Nijeria. "Ahaa, Mnaija," wanasema, halafu wanaanza kuniigizia filamu za wachawi. Hakuna anayeuliza huko Kano kuna nini.

Mimi najua kuna nini, na kwa hilo nakulaumu wewe. Uliuchukua mji wako ukaubandika juu ya mji wetu. Meza ya muuza mitumba ukaiita Kofar Mata, kwenye mashimo ya nili, ambako kitambaa cheupe kinazamishwa ardhini kinatoka cha bluu, kisha kinapondwa kwa magongo mpaka king'ae. Duka la pembejeo ukalifanya jumba la Emir, mfalme wenu. Kichuguu cha nyuma ya choo cha standi, eti ndiyo Dala, kilima walichoanzia wafua chuma kabla mji haujawa mji. Na barabara ya Nachingwea ikawa njia ya farasi siku ya Idi. Ulikuwa unaigiza wapanda farasi na mishikaki mkononi, unakuja mbio mbio, unasimama ghafla mbele ya Emir, unanyoosha ngumi juu, mafuta yananirukia kwenye chapati. Sasa siwezi kwenda kununua unga bila kupita kwa Emir. Nani alikuomba?

Na zile karanga zako! Uliposikia kwamba Waingereza waliwahi kufyeka mapori ya Nachingwea walime karanga, wakashindwa, ulicheka mpaka ukakaa chini. "Kwetu magunia yalipangwa mpaka yakawa piramidi, watu wakaja kupiga picha. Nyinyi mmeshindwaje na karanga, Hajiya?" Hajiya, mimi, mtu wa misa kila Jumapili. Nikakujibu walioshindwa si sisi, ni wao, na nikakunyima chai.

Juzi binti wa dada yangu akanitafutia Kano kwenye simu yake. Mallam, piramidi za karanga hazipo, ziliondoka siku nyingi. Ukuta wa udongo umemomonyoka, na mahali pengine watu wamejenga nyumba zao juu yake. Mashimo mengi ya nili ni makavu, wazee wachache tu ndio bado wanachovya. Hukuniambia. Ulinisimulia mji mzima mzima, kana kwamba umetoka huko jana na mlango umeurudishia. Niligeuka nikuulize kwa nini ulinificha, nikakuta jiko tu.

Simu yako nayo inafunguka kwa alama ya kidole, na kidole umeondoka nacho. Ndugu zako hawajui mpaka leo. Kila ninayemwomba ushauri ananiambia nisubiri.

Lakini lililonikaa kooni ni la Shija.

Siku ya kwanza Shija alipofika standi na fimbo mabegani, Msukuma aliyehamia Likunja na ng'ombe wake kutoka huko ziwani, wewe uliacha nyama ikaungua. "Fulani!" ukapiga kelele. "Hajiya, nimempata Fulani wangu!" Ndipo ukanieleza kwamba kwenu Wahausa na Wafulani ni watani, wa mjini na wa ng'ombe, kila mmoja anamwita mwenzake mtumwa na hakuna anayekasirika. Ukasema tangu utoke Kano hujawahi kutukanwa vizuri. Na Shija hakuhitaji kufundishwa, kwao utani upo. Tangu siku hiyo kila akikuletea nyama ilikuwa vita. "Mtumwa wangu, umeamka?" "Mtumwa ni wewe unayelala na ng'ombe!" Mlikuwa mnatukanana huku mnakula sahani moja. Watu wa standi waliona matusi, sahani hawakuiona.

Siku ya mazishi wanaume walikubeba, sisi wanawake tukabaki nyumbani na masufuria. Nimesimuliwa kwamba Shija alitoka Likunja mbio, akawakuta njiani, akaketi chini katikati ya njia mbele ya jeneza. "Mnampeleka wapi mtumwa wangu? Hajaniaga huyo. Mrudisheni, leo ni zamu yake kuchunga!" Alifanya kama mtani anavyotakiwa kufanya, hakukosea hata kidogo. Na nani aliamuru akamatwe mikono aburutwe pembeni? Mwenye nyumba wako, Mzee Hamisi. "Wasukuma hawa wametumalizia mbaazi kwa ng'ombe wao, sasa wanatukana mpaka maiti!"

Mzee Hamisi huyo huyo! Mama yake alipofariki, Wayao, watani wa Wamwera wenzake, walilala njiani, mmoja amejifunga kanga ya marehemu anaigiza kikohozi chake, na yeye akacheka machozi yakamtoka, akasema mama amesindikizwa kiheshima. Utani anaujua kuliko mimi. Nilipomfuata kumweleza, alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Mama Fausta, utani ni wa makabila. Hauokotwi standi." Nimeondoka pale nimefika nyumbani ndipo majibu yakaanza kuja, mengi, na mazuri, ya bure kabisa.

Wewe ulikuja kwetu huna ukoo, huna shangazi, huna hata wa kufanana naye sura. Ulipata kitu kimoja tu cha kwenu, na hicho ndicho walichokuburutia pembeni. Inaniuma, Mallam. Inaniuma kuliko homa yenyewe, maana homa haikukujua.

Kesho ni arobaini yako. Nikasema lazima Shija awepo. Nikaambiwa amekwisha hamisha ng'ombe, yuko Kilimarondo. Nikafunga meza, nikapanda basi mpaka Nachingwea, nikachukua bodaboda, dereva akanisimulia habari za tembo njia nzima kana kwamba nimemkodi kwa hilo. Nimemkuta Shija zizini. Nimembembeleza mpaka sauti ikakauka. Amekataa.

"Mama, miye sirudi kule," akaniambia. "Walinishika kama mwizi, na mtani wangu yuko pale pale anaona. Wa kunisemea ni yeye aliyekuwa anajua, na ndo alikuwa amelala."

Nikamwambia yaliyopita yamepita. Akasema kwake hayajapita. Nikainuka kwa hasira, njia yote ile kumbe ya bure, nikaanza kumfokea dereva awashe pikipiki. Nilipokuwa nimekwisha panda, Shija akaniita. Akasema kama mimi nakwenda, basi niende na maneno yake, nisipunguze. Nimeyashika yote. Anasema hivi:

"Mwambie huyo mtumwa wangu ametoroka bila ruhusa. Mwambie nyama yake ilikuwa ngumu kama kandambili, nilikuwa naila kwa kumhurumia. Mwambie huko Kano wana ukuta na malango kibao, na yote walimfungia, ndo maana akaja kufia kwa Wamwera. Mwambie ng'ombe wangu wamefurahi, wamenenepa, hakuna hata mmoja aliyemuulizia. Na mwambie miye nakuja, sijui lini, na nikifika nikute zizi limefagiliwa."

Kisha akageukia ng'ombe wake, akaanza kumkagua mmoja sikio ambalo halikuwa na kitu. Hakunigeukia tena mpaka tunaondoka.

Hayo ndiyo niliyotumwa, Mallam, nawe umeyasikia kwanza hapa, kimya kimya, kwa sababu ni yako. Ila nakuahidi sitaishia hapa. Kesho wakimaliza kisomo nitakwenda makaburini. Wataniambia wanawake hawaendi, tena Mkristo, nami nitakwenda. Nitaketi katikati ya njia, pale pale walipomburuta Shija, mbele ya Mzee Hamisi na wenzake wote, na nitakuita mtumwa kwa sauti yangu ya kuuzia chai. Nitayasema yote, la kandambili na la zizi. Waniburute na mimi kama wanaweza.

Kwa heri, ndugu yangu. Mimi sikuwa mtani wako, nilikuwa jirani tu, kwa hiyo nitakosea. Nikikosea nitaanza upya, na sitoki pale njiani mpaka mmoja wao acheke.

Mama Fausta