Nafasi ya Kukaa Ndani ya Ambulansi

Baba Estella,

Watu wa kupima ambulansi walifika nyumbani. Usicheke, hawakupima matairi. Wanapita kwa familia za watu waliogongwa kwenye barabara yetu ya ziwani, wanauliza mgonjwa alihudumiwa vipi njiani. Dada aliyeniuliza alikuwa mpole. Gari lilichelewa? Halikuchelewa. Shingo yako waliifunga isitikisike? Waliifunga. Damu waliizuia? Waliizuia, niliona. Akaitikia kwa kichwa, ameridhika, na mimi hasira ikanipanda. Kwa majibu yangu mwenyewe huduma yako ilikuwa nzuri, na wewe umekufa.

Siku ile nilikuja mbio kutoka sokoni, nikakuta lori limelalia baiskeli yako kwenye njia ya Kigwena, mawese yamemwagika lami nzima. Dereva wa lori naye aliumia, watu wa ambulansi wakawalaza ninyi wawili ndani. Nikashika mlango nipande. "Mama, nafasi haiko," wakaniambia, wakafunga. Nilipofika hospitali kwa pikipiki, walikuwa wameshakufunika.

Estella amerudi shuleni Bujumbura. Napika sufuria ndogo na chakula bado kinabaki. Usiku najiuliza jambo moja tu: ulikuwa peke yako humo ndani? Basi nikamuuliza yule dada, nani alikuwa naye? "Hiyo hatuulizaka, mama," akasema, kwa aibu. Lakini hakulisahau swali langu. Juzi aliniletea muuguzi aliyekaa nawe nyuma ya gari, kijana mwenye mikono mipana. Alikaa kwenye kiti chako. Sikumkataza.

"Nilikuwa nimemushika mukono, mama," akasema. "Alikuwa ananigombeza tu. Anasema turudie mawese yake, tumeyaacha, watu watayachota."

Mume wangu, wewe! Shingo imefungwa, damu imekutoka, na bado unagombana na watu juu ya mawese. Na kweli waliyachota, nakuambia, mpaka tone la mwisho. Nilicheka hadi machozi yakalowesha kitenge, kisha nikageuka nikuambie, nikamwona mgeni kwenye kiti chako. Sijawahi kuwa mpweke kama dakika ile, hata siku ya mazishi.

Wale watu wa kupima wameniita kwenye mkutano wao, nami nakuahidi nitakwenda. Nitasema watu wa ambulansi walikuhudumia vizuri, maana ni kweli. Nitasema pia waliniacha barabarani, maana hilo nalo ni kweli. Nitaomba nafasi moja ya kukaa, hata ya kubanana, ya mke au ya mama. Wakisema haiko, nitaomba tena. Unanijua.

Pumzika, baba Estella. Yule kijana alikushika vizuri na nilimshukuru. Lakini mkono ule ulikuwa wa kushikwa na mimi.

Mama Estella wako