Nimeuficha Ufunguo wa Gari la Baba

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla nyumba yetu haijavurugika kwa sababu ya pampu. Baba alinunua pampu ya kunyonya oili, ile yenye tangi, mpini wa kuvuta na mpira mwembamba unaoingizwa kwenye tundu la kijiti cha kupimia, na tangu hapo anataka tumwite Injinia, basi Jumapili akatutoa sote uani, hata Mjomba, ambaye humcheka kila akishika spana, akasema, "Tazameni, hakuna kulala chini ya gari, hakuna kuchafuka!" Mimi nilishika kitambaa. Oili ikatoka nyekundu, nikamwuliza, "Baba, ya injini si huwa nyeusi ikichakaa?" akanijibu, "Hiyo ni dalili ya gari lililotunzwa, mwanangu, futa hapo," kisha akamimina oili mpya kwenye injini, akaenda kuoga akiimba. Nilipobaki peke yangu nilichomoa kijiti cha injini, nikakuta oili nyeusi imepita mbali alama ya juu, ndipo nikaelewa kwamba mpira uliingia tundu la giaboksi, ambayo ndiyo yenye oili nyekundu, na sasa giaboksi haina kitu na injini imevimbiwa. Nikachukua ufunguo, nikauficha kwenye kiatu changu cha michezo. Jumamosi Baba anataka kumrudisha Bibi kwake kwa gari hilo, na kila siku anamwambia Mama, "Wewe una mkono wa kupoteza vitu," na Mama anapekua makochi machozi yakimlengalenga. Sitaki Mjomba apate la kucheka, lakini Mama naye hana kosa. Nifanye nini? Bado naamini Baba atanisikia.

Mshika Kitambaa

Mwanangu, umeokoa giaboksi, hongera. Baba yako alikwepa kulala chini ya gari. Ungemwachia ufunguo, gari lenyewe lingelala barabarani, na Bibi ndani. Wenzake husomea uinjinia, yeye ameununua ukiwa na mpini!

Lakini usijipongeze sana. Unamlinda baba asichekwe, huku mama yako akipiga magoti kutafuta kitu kilicho kwenye kiatu chako? Huo ni woga uliovaa sare ya shule.

Ukimaliza kusoma hapa, mwite baba yako uani, ninyi wawili tu, Mjomba abaki na chai yake. Usimhubirie. Mwachie kile kijiti cha injini akichomoe mwenyewe, ajionee. Gari lisiwashwe, hata kwa "kujaribu kidogo." Oili yote ya injini inyonywe, pampu hiyohiyo inatosha, safari hii kwenye tundu lake, kisha ijazwe upya. Giaboksi iachiwe fundi. Halafu Mama aombwe radhi, kwa sauti ileile aliyosingiziwa nayo.

Nawe Injinia, maana najua umelikamata gazeti kabla ya binti yako: usikimbilie kile kiatu. Kaa hapo, umsubiri akuletee ufunguo mwenyewe. Akifika, anza na asante.