Sweta la Kijani Limestaafu

Njombe,
Jumapili, baada ya ibada

Mpendwa Dada Naetwe,

Shikamoo. Kwa huzuni kubwa, na kwa niaba ya mwili wangu wote unaotetemeka, natangaza kwako, kwa ukoo na kwa wana-Vudee popote walipo kwamba lile sweta la kijani ulilonifumia limestaafu rasmi. Halikuchanika, wala panya hawakuligusa. Limekunjwa na kuwekwa chini kabisa ya sanduku, na hotuba fupi nikaitoa mwenyewe kwa kuwa hapakuwa na mgeni rasmi. Mkono wake mmoja ulibaki mfupi mpaka siku ya mwisho. Sijawahi kukulaumu. Watu wakiuliza, nilikuwa nawaambia kwetu ndivyo tunavyopimwa.

Haya, mguu unaendeleaje? Na Shemeji, kifua kimetulia? Nimesikia mvua za vuli zimewapita juu juu, bwawa letu la ndiva halikujaa, na watu wanatoleana macho kwa zamu za maji ya shambani. Pole sana. Sisi huku tunajikongoja. Baridi ya mlima wetu Shengena nilikuwa naiona kali, kumbe ile ni mgeni mwenye adabu, inakuja na kuondoka. Hii ya huku imehamia na vyombo vyake.

Unajua tangu shamba la mkonge kule tambarare lipate mwekezaji, na sisi tukapunguzwa kama magugu, kazi hii ya stoo ya shule ndiyo inayonishikilia. Mwaka huu Mkuu wa shule aliniongezea cheo: ufunguo wa chumba cha kompyuta. Wafadhili walileta kompyuta na dishi kubwa la kuvuta intaneti. Mimi kazi yangu ni kufuta vumbi na kuzifunika kwa kanga, maana kuziwasha naogopa. Jumamosi wasichana huingia kwa zamu, wanawaandikia ndugu zao barua pepe. Anwani ni moja, ya shule. Waliambiwa, "Andikeni kwa uhuru, mabinti zangu." Hawakuambiwa kwamba kila wanachoandika kinabaki kwenye mashine ya ofisini, na Mkuu hukisoma kama wengine wanavyosoma gazeti. Sisi wafanyakazi tulijua. Tulisema ni malezi.

Sasa Dada, kaa chini.

Najua shule ilipiga simu pale dukani Same, habari ikapanda mlima mdomo kwa mdomo, na ilipokufikia ilikuwa imenona: binti yako Namkunda, huyu niliyemwombea nafasi hapa kwa mdomo wangu mwenyewe, ana mimba na amefukuzwa. Nimesikia pia Shemeji amesema hatalala chini ya bati lake.

Namkunda hana mimba. Nakuandikia nikiwa na akili zangu zote, hizo chache unazozifahamu.

Alimwandikia dada yake wa Dar kwamba hajaingia mwezini tangu shule ifunguliwe, na kwamba anaogopa. Aliandika kwa Kichasu, hiki Kipare chetu, asiweke jina. Mkuu akaipata, akajua ni ya nani. Alijuaje, nitafika huko. Kesho yake asubuhi akasimama mbele ya mstari wa shule nzima akasema, "Mmoja wenu ametuletea mzigo," halafu akamwita mbele. Hakusubiri vipimo. Hospitali alipelekwa baadaye na matroni, nami nikafuata nyuma. Daktari, mama mmoja mkali, alisoma majibu akavua miwani.

"Huyu hana mimba. Hana damu. Mnawalisha nini hawa watoto?"

Matroni akaangalia dirishani.

Nilimpelekea Mkuu karatasi ya daktari kwa mikono miwili. Akaisoma, akaikunja. "Sawa, Mzee. Lakini jina la shule limeshachafuka." Bwenini walikuwa wameshambatiza. Akipita tu, "Mama Kijacho, tukupishe?" Akaacha kula, akaacha kuingia darasani, na shule ikaandika kwamba ameondoka kwa hiari yake. Hiari! Kama sisi tulivyoondoka kwa hiari kwenye mkonge.

Nisalimie Shemeji, umwambie mtoto ni wake na bati pia ni lake, achague vizuri. Nisalimie mama mdogo wa Chome, yule ambaye bado ananiita kijana. Nisalimie mzee wa kanisa jirani yako, ambaye najua ameshalichukua jambo hili kwenye maombi, na kutoka kwenye maombi likaenda sokoni. Umpikie Namkunda makande yenye nazi, na maini ukiyapata.

Salamu zimeisha. Limebaki lile nililokuwa nalizunguka.

Namkunda anadhani kompyuta ndiyo iliyomsema. Siyo kompyuta, Dada.

Mkuu aliniita ofisini. "Mzee Eliamini, hebu tazama. Hiki ni Kipare au ni uchawi?"

Nikacheka. "Ni Kipare, Mkuu, tena cha milimani, hakijaguswa na lami."

"Nisomee."

Nikasoma. Tangu nifike hapa hakuna aliyewahi kunihitaji kwa kitu nisichobeba begani, na siku ile nilikalishwa kwenye kiti chenye mto. Nikamtafsiria moja baada ya moja: Dada, sijaingia mwezini. Sijalala na mtu, naapa. Labda ni ugonjwa. Usimwambie mama, atalia.

"Wote huapa," Mkuu akasema. "Endelea."

Wasichana wa Kipare hapa ni kadhaa, na hapo kwangu bado alikuwa binti wa mtu mwingine, nami niliendelea. Hata nilichagua maneno mazuri. Nikasoma kwamba bwenini ni baridi na maharage hayana mafuta. Halafu nikasoma hivi, kwa sauti, huku nacheka kwa sababu kilikuwa kichekesho kizuri: "Lakini Mjomba yupo. Anazifunika kompyuta kwa kanga kama vichanga, na bado anavaa lile sweta la mama, mkono mmoja mrefu, mmoja unaishia kwenye kiwiko."

Nilipofumba mdomo lilikuwa limeshatoka. Mkuu hakuuliza jina. Aliutazama mkono wangu wa kushoto, ulioachwa wazi na lile sweta, uliokuwa umeishika karatasi, mweupe kwa vumbi la unga mpaka kwenye kiwiko. Nikauficha chini ya meza kama mtoto aliyeiba sukari. Akasema, "Asante, Mzee. Umesaidia sana."

Ufunguo nimeurudisha. Usiniite shujaa, stoo sijaiacha, watoto wangu wanakula.

Barua hii anakuja nayo Namkunda mwenyewe kwenye basi. Sijaibandika bahasha, nimemwambia aisome yote kabla hajafika Same, na humu ndimo atakamojua kwamba ni mimi niliyemsema. Mambo haya mjomba hamwambii mpwa wake, lakini adabu hiyo niliivunja kwenye kiti cha Mkuu. Ni habari zake. Nimemwambia akiona kuna lolote humu lisilofaa kukufikia, aichane barua na kuitupa dirishani, nami sitauliza.

Kwa hiyo Dada, kama umefika mstari huu, ujue yeye ndiye aliyekupa. Mpokee.

Ni mimi mdogo wako,
Eliamini